Kurasa Kumi na Nne

Mimi ni katibu wa shule, na kwa miaka kumi na tisa nimechapa maneno ya watu bila kuyasoma. Msicheke, huo ni ufundi. Mpiga chapa anayesoma anachokichapa huchelewa. Atachekeshwa na barua ya mzazi, ataudhiwa na barua ya mkaguzi, na saa ya kufunga itamkuta bado yuko ukurasa wa pili. Mimi macho huona herufi, vidole hufuata, na kichwa hukaa pembeni kikipumzika. Mwalimu mkuu aliyeniajiri alinisifu kwa hilo mbele ya watu, na sifa ile nimeitunza kuliko vyeti vyangu.

Wanafunzi huniita Mama Muhuri, kwa sababu hakuna karatasi inayopita dirishani kwangu bila kugongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Nina meza, kiti kilichopoteza gurudumu moja, kabati la chuma ambalo droo yake ya tatu haifunguki mpaka uipige goti, na mashine moja kubwa inayotoa kopi, inayoprinti na inayoskani. Hiyo ndiyo mwenzangu wa kazi. Ikikohoa tu, najua karatasi imekwama wapi.

Dada yangu alipofariki, simu ya kunipa habari ilinikuta nikichapa ratiba ya mitihani. Nilimaliza ratiba, nikaigonga muhuri, ndipo nikaenda kuomba ruhusa. Kwenye msiba watu walisema mimi ni jasiri. Ujasiri wapi. Nilikuwa nimekufa ganzi, na nilidhani ni jambo la siku mbili tatu. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, ganzi ikakaa kama mgeni asiyeulizwa ataondoka lini.

Dada aliniachia bintiye. Alikuja na begi la nguo na saa ya mezani ya mama yake, ana miaka kumi na mitano, akaingia chumba cha pili. Mtoto wa dada yako ni mwanao, hilo halina mjadala, na mimi nilifanya yote. Chai mezani saa kumi na mbili na nusu, sare imepigwa pasi, viatu vimepangwa mlangoni, daftari jipya kabla la zamani halijaisha. Hakukosa kitu. Tuliishi kama wapangaji wawili wenye adabu: shikamoo, marahaba, umekula, nimekula. Shuleni wenzake walimwita Nukta, kwa kuwa ukimuuliza jambo hujibu neno moja, kisha kimya, kama sentensi imekwisha. Mimi sikuona ubaya wa jina hilo. Nukta ni alama safi.

Aliyeuona ubaya wake ni mwalimu wa hesabu, ambaye naye alikuwa na jina lake: Mwalimu Penseli. Mzee huyu, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, hakumruhusu mwanafunzi wake yeyote ashike kalamu ya wino. Wino una kiburi, alikuwa akisema, ukishakosea unang'ang'ania. Mfuko wake wa shati ulikuwa na penseli nne daima, zimechongwa kwa wembe, na zote za risasi ngumu isiyochafua karatasi. Mwandiko wa darasa lake ulikuwa mwembamba na mwepesi, kila mtoto akiandika kama anayeomba radhi. Nilimtania mara nyingi kwamba siku akiandika wosia, warithi wataufuta. Alicheka, na penseli akaendelea kuzigawa.

Mwaka huo alisikia habari za mashindano ya wanafunzi wa nchi nyingi. Si ya mpira wala ya kukariri. Timu ya watoto wanne hupewa hadithi ya mji wa kubuni, mji wa miaka sitini ijayo, wenye tatizo lake. Wanafungiwa chumbani kwa muda wa saa mbili. Waorodheshe matatizo wanayoyaona, wachague moja lililo mzizi wa mengine, watafute njia za kulitatua, wazipime, kisha waandike mpango. Karatasi zinatumwa kwa waamuzi wa mbali, na timu kumi na mbili bora huitwa kwenye fainali ng'ambo. Mwalimu Penseli alizunguka madarasa akachagua wanne. Wa nne alikuwa Nukta. Walimu walimwambia amechagua jiwe. Akawajibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za huyu zimesukwa ndani.

Walifanya mazoezi maktaba kila Jumanne na Alhamisi. Wiki ya tatu, tukiwa mezani, mtoto akaniuliza swali. Nilikaribia kudondosha kikombe, maana kwa miaka miwili hakuwahi kuniuliza jambo lisilo la chumvi au funguo.

"Mama mdogo, mtu akihudumiwa na mashine kwa kila kitu, nani atajua kama anaumwa?"

Nikamwambia mashine itajua, zina vipimo siku hizi. Akasema kuumwa kwingine hakupimwi. Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Lakini kesho yake akauliza lingine, na keshokutwa lingine, na nikawa namsikia chumbani akijisemea, akipanga hoja, akizipangua. Nilijua ninapaswa kufurahi. Niliiona furaha ilipo, kama unavyoona basi upande wa pili wa barabara, na sikuvuka.

Siku moja nilimuuliza kama anaitamani hiyo ndege ya kwenda fainali. Wenzake watatu walikuwa wameshaanza kubishana nani atakaa dirishani.

"Ndege sijali," alisema. "Nataka wasome. Mtu akae chini asome nilichoandika mpaka mwisho."

Hilo ndilo alilotaka, na hakuwa na lingine. Nililisikia vizuri. Nikaosha vyombo.

Siku ya mashindano walifungiwa maktaba saa tatu asubuhi. Hadithi yao ya mwaka huo ilihusu mji ambao wazee wote wanaishi peke yao na mashine za kuwatunza, na bado wanakufa upesi kuliko zamani. Mwalimu Penseli alikaa nje ya mlango na saa mkononi, akichonga penseli za akiba. Saa tano walitoka. Nukta alikuwa na alama ya penseli shavuni na macho yanang'aa, akaniangalia kupitia kioo cha dirisha langu kana kwamba ana la kuniambia. Mimi nilikuwa na wazazi sita wanaodai vyeti vya kuhama, na simu inalia.

Mwalimu aliniletea bahasha. Kurasa kumi na nne, akasema, ziskaniwe na kutumwa kabla ya saa sita. Nilizipanga, nikazigonga-gonga mezani zikae sawa, nikazilisha mashine. Mashine yangu ina kioo kidogo kinachoonyesha kila ukurasa unavyotoka. Pembeni kuna kitufe chenye alama ya duara, nusu jeusi, nusu jeupe. Ukikibonyeza, maandishi hafifu hukolea. Nakijua sana. Kila wiki nakitumia kwa vyeti vya kuzaliwa vilivyofifia ambavyo wazazi huleta vimekunjwa mara nane.

Kioo kilinionyesha weupe. Ukurasa wa kwanza mweupe, wa pili mweupe, wa tatu. Niliuona. Sitasema sikuuona. Lakini mimi siangalii kilichoandikwa, naangalia hesabu, na hesabu ilikuwa sawa: kumi na nne kwa kumi na nne. Nikabonyeza kutuma. Karatasi zenyewe nikazitia kwenye faili, faili likaingia droo ya tatu, nikaisukuma kwa goti, nikamwita mzazi anayefuata.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, kwa barua pepe, na barua pepe za shule hufika kwangu kwanza. Niliprinti bila kusoma, kama kawaida. Ukurasa wa kwanza ulikuwa barua. Zilizofuata zilitoka nyeupe. Nikajua tona, wino wa mashine, imeisha. Nikaichomoa, nikaitikisa mara tano kama tunavyofanya mwisho wa mwezi, nikairudisha, nikaprinti tena. Nyeupe. Nikagonga muhuri kwenye barua, na kwa mazoea nikaendelea: IMEPOKELEWA, IMEPOKELEWA, IMEPOKELEWA, mpaka zikafika kumi na nne. Nilipogonga ya mwisho ndipo nikaona vivuli vidogo vya penseli pembeni, kama mistari ya kope, na nikaelewa ninachokigonga.

Nikaisoma barua. Ilikuwa fupi na ya heshima. Kurasa zilizopokelewa hazikusomeka. Kanuni ya tisa inataka wino mweusi. Kiambatisho ni kama tulivyokipokea. Timu haikupewa nafasi.

Sikuhisi kitu. Nawaambieni ukweli, nilisubiri nihisi kitu, nikakaa na mikono juu ya meza nikisubiri, halafu kengele ya mapumziko ikalia na mtoto mmoja akaja kuomba chaki.

Mwalimu mkuu alimwita Mwalimu Penseli mbele yangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za vikao. Akamuuliza kama aliisoma kanuni ya tisa. Mzee akasema aliisoma. Alidhani wenyewe wanaogopa penseli kwa sababu ya watoto wanaofutafuta, na wake hawafutifuti. Mwalimu mkuu akamwambia ameiaibisha shule kwa ukaidi wake, kwamba miaka thelathini watu wamemwomba aachane na hivyo vijiti, na kwamba maktaba haitafunguliwa tena kwa mashindano. Mzee alizitoa penseli nne mfukoni, akazitazama, akazirudisha.

"Ni mimi," alisema. "Watoto hawana kosa. Mashine haina kosa."

Mimi nikaandika: mwalimu amekiri. Kalamu yangu ilikuwa ya wino mweusi.

Aliwaambia watoto mwenyewe, siku hiyohiyo. Watatu walilia na kulaani, na kufika Ijumaa walishaanza kulitania. Nukta alirudi nyumbani, akasema shikamoo, akala, akaosha sahani yake, akaingia chumbani. Kesho yake hivyo hivyo. Maswali yakakoma. Umekula, nimekula. Niliamka kila siku nikachemsha chai, nikapiga pasi sare, nikapanga viatu, na vyote alivitumia na kushukuru. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikawa nausubiri huo mshindo. Haukuja.

Zilipita siku tisa. Ya kumi, saa ya chakula cha mchana, nilikuwa natafuta fomu ya ukaguzi, nikaipiga droo goti, na faili likaanguka wazi sakafuni. Kurasa kumi na nne, za penseli. Kwa macho zilisomeka kabisa, kijivu chembamba juu ya nyeupe. Ni mashine tu ndiyo haikuwa na subira nazo. Nilizikusanya, nikazipanga, nikazigonga-gonga mezani zikae sawa. Halafu nikafunga dirisha la watu, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakaa kwenye kiti changu cha magurudumu matatu, nikasoma.

Sikujua kwamba kusoma kunachosha hivyo. Kurasa sita za kwanza ziliandikwa na wale watatu, orodha ya matatizo ya ule mji, mengine ya maana, mengine ya kuchekesha. Mmoja aliandika kwamba mashine hazijui kusengenya na mzee bila umbea hunyauka. Nilicheka peke yangu, nikajishangaa. Kuanzia ukurasa wa saba mwandiko ukabadilika. Ulikuwa wa Nukta. Miaka miwili namnunulia madaftari, na sikuwa naujua mwandiko wake.

Aliandika kwamba tatizo la ule mji si upweke, kwa sababu upweke nao una sababu. "Nyumba isiyokosa kitu haina anayeipigia hodi. Jirani huja kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya ngazi, kwa sababu taa imeungua. Wazee hawa wamenyimwa kupungukiwa." Akaendelea kurasa tano akipima njia, hii ghali, hii haina maana, hii itawaudhi wazee, mpaka akafika kwenye mpango wake. Mpango ulikuwa mdogo hata ukaniudhi. Kila mashine, alisema, iachiwe kazi moja isiyoiweza. Isiwe ya hatari. Iwe kama kufungua chupa iliyokaza. Ili kila siku mwenye nyumba alazimike kumwita mtu, na mtu huyo akishaingia, aone mengine.

Ukurasa wa kumi na nne ulitakiwa kuwa na mfano wa kuonyesha kwamba mpango unaweza kufanya kazi. Ulikuwa na mistari michache tu.

"Nyumbani kwetu kuna mtu anayefanya kila kitu vizuri. Miaka miwili hajaniomba nimsaidie jambo hata moja. Sijui kama ni mzima. Nikipata sababu ya kubisha hodi kwake, nitaangalia."

Niliisoma mistari ile, nikairudia. Kisha kikaja kitu kifuani, si machozi, maumivu tu ya kawaida, kama mguu uliokaliwa muda mrefu unapoanza kurudiwa na damu. Yaliuma sana. Nilishika ukingo wa meza mpaka yakapungua, nikafungua mlango.

Mwalimu Penseli alikuwa darasani peke yake, anafuta ubao. Nilimwambia. Niliona weupe kwenye kioo, nikajua kitufe kilipo, nikatuma. Akasema wino ungesomeka hata na mashine yangu ya hovyo. Nikamwambia penseli ingesomeka kama ningefanya kazi yangu. Akasema kosa la kwanza ni lake. Nikamwambia la mwisho ni langu, na la mwisho ndilo lililotuma. Tulibishana hivyo, watu wazima wawili tukigombania hatia kama watoto wanaogombania kiti cha dirishani, mpaka yeye akachoka, akakaa kwenye dawati la mwanafunzi.

"Umezisoma?" akaniuliza. Nikamwambia nimezisoma. "Ukurasa wa mwisho pia?" Nikamwambia wa mwisho pia. Akatikisa kichwa taratibu, akasema basi, kisha akaniomba nimwachie afute ubao.

Nilirudi ofisini nikaandika barua mbili, za kwangu mwenyewe, za kwanza katika miaka kumi na tisa. Ya mwalimu mkuu nilimpelekea kwa mkono. Alinifokea kwa haki, akaniandikia onyo ambalo nililichapa mimi na safari hii nikalisoma, na hatimaye akakubali maktaba ifunguliwe tena, kwa sharti la kalamu za wino. Ya pili niliituma kwa waamuzi, pamoja na kurasa zote kumi na nne, zimekolezwa kwa kile kitufe mpaka zikaonekana kama zimechapwa. Nawahi kuwaambia jibu lao, lililokuja wiki iliyofuata: wamepokea, wanasikitika, matokeo hayabadiliki. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo nililijua kabla sijatuma.

Jioni ya siku ile ile niliyozisoma kurasa, niliwahi nyumbani. Nukta alikuwa mezani na daftari la kemia. Nilikaa mbele yake, jambo ambalo si kawaida yangu, maana mimi hupita nikiwa na kitu mkononi.

"Zile karatasi nilizituma mimi," nikamwambia. "Niliona zinatoka nyeupe. Sikusimama kuangalia. Mwalimu amejitwisha kosa, lakini kosa ni langu."

Nilitamani anifokee, nilikuwa tayari kabisa kwa kufokewa.

"Haya," alisema, akarudi kwenye daftari.

Nukta, kweli. Niliinuka, nikaenda jikoni kuchemsha chai. Nikatoa mkate, nikatoa visu, nikatoa chupa ya asali. Niliishika ile chupa, kifuniko chake nilikifungua mwenyewe asubuhi na kilikuwa hakijakaza hata kidogo. Nikasimama nayo. Nikajiona mjinga, mwanamke wa miaka hamsini na mbili amesimama jikoni anaogopa chupa. Nikarudi nayo mezani, nikaiweka juu ya kemia yake.

"Kifuniko hiki kimenishinda," nikasema. "Hebu nisaidie."

Aliichukua. Akakigusa kifuniko, kikazunguka chenyewe kwa kidole kimoja. Hakukivua. Alibaki ameishika chupa kwa mikono miwili, kichwa chini, na niliona mabega yake yanapanda na kushuka.

"Umezisoma," alisema.

"Zote kumi na nne."

Akaiweka chupa, akavuta kiti chake kikasugua sakafu, akaja upande wangu wa meza. Akanishika kidevu kama mimi ndiye mtoto, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kuangalia.